Padi Nyekundu ya Iya Ibeji

Kelele zilimpokea Inspekta Ogunjimi kabla hajazima pikipiki. Umati ulikuwa umeziba njia mbele ya banda la gemu la Iya Ibeji, vijana wamepanda hadi juu ya ukuta, na wauza karanga wameacha biashara zao ili nao wasipitwe. Fainali ilikuwa imesimama katikati, na mtu alikuwa amefungwa mikono kwenye nguzo ya kibaraza.

"Mpisheni afande!"

"Afande wa nini? Hapa Igbo-Ora tuna mikono yetu!"

Alipita kwa viwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, na siku hiyo hakuwa na gari wala askari wa kumsaidia. Gari la kituo lilikuwa mjini Iseyin tangu asubuhi. Alikuwa na sauti yake tu, na sauti hiyo ilitosha kunyamazisha soko.

"Nani amemfunga huyu?"

"Mimi hapa." Aliyejibu ni Lasisi, muuza nyama, mtu wa kifua kipana na maneno mengi. "Na nitamfunga tena. Mpwa wangu Romoke anacheza fainali na kijana wa mji wa Eruwa. Atakayeshinda anakwenda Lagos kuchezea jimbo letu. Sasa huyu fundi ameiua padi ya mtoto ya kuchezea gemu! Amenunuliwa na Eruwa. Leo hii arudi kwao Nnewi, kwa Waigbo wenzake, kwa miguu!"

Umati ukaitikia kwa mngurumo. Meza ya fundi ilikuwa imepinduliwa kibarazani, bisibisi na vioo vya simu vimetapakaa vumbini.

Fundi mwenyewe aliitwa Obiora, kijana mwembamba aliyekuja mjini mwezi uliopita na kupangisha pembe ya kibaraza cha Iya Ibeji. Mdomo ulikuwa umepasuka. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimefungwa kwa waya mweusi kama wa chaja, ila mnene, umezungushwa hadi vidole vimevimba.

"Afande," alisema, "waya wangu."

"Tulia, nakufungua."

"Waya, afande, naomba huo waya..."

"Huu sasa ni kielelezo." Inspekta alimaliza kufungua fundo, akaukunja waya na kuutia kwenye bahasha ya khaki. "Bwana Lasisi ataueleza mahakamani."

"Lakini afande, huo ndio..."

"Nimesema kielelezo! Kaa hapo. Zamu yako inakuja."

Obiora akakaa. Lasisi naye akakunja mikono, amenuna.

*

Ndani kulikuwa na joto la kupika mkate. Mashine ya gemu ilikuwa chini ya televisheni kubwa, na mbele yake viti viwili. Kijana wa Eruwa alishika padi yenye utepe mweupe, ile rimoti ya mkononi isiyo na waya. Romoke, msusi wa miaka kumi na tisa, alishika yenye utepe mwekundu, na macho yake yalikuwa mekundu vilevile.

Mwamuzi, Bwana Fatusin wa Ibadan, alimwonyesha Inspekta saa yake. "Madam, nimewavumilia vya kutosha. Ikisikika adhana ya alasiri kabla padi haijafanya kazi, ushindi naipa Eruwa. Sheria ndivyo zilivyo."

"Adhana haijalia. Romoke, nieleze polepole. Padi inafanya nini?"

"Nikibonyeza kitufe cha katikati, taa inamweta. Halafu inatulia. Ikitulia maana yake imeshika mashine. Lakini mchezaji wangu hatikisiki! Amesimama tu uwanjani, kijana wa watu anampita anavyotaka."

"Chaji?"

"Imejaa."

"Mmejaribu nini?"

"Kila kitu. Tumeingiza pini kwenye kitundu cha nyuma ili ianze upya. Bwana Fatusin amezimisha simu za watu wote. Tumechomeka na waya pia, nyaya za chaja za ukumbi mzima! Inaingia chaji tu, haishiki."

"Jana?"

"Jana ilikuwa inaruka! Leo asubuhi ndiyo Obiora kaichukua kuisafisha. Hii nyekundu, na ile ya bluu ya chumba cha nyuma."

"Na uchawi wake, uliusahau?" Lasisi alidakia kutoka mlangoni. "Leo asubuhi, kabla ya mechi, kioo kilicheza chenyewe! Ile alama ya kuchagulia timu ilikuwa inateleza kushoto, kushoto, kushoto, na hakuna aliyeshika kitu. Watu wote wameona!"

"Tumeona!" ukumbi ulipaza sauti.

"Mtu wa Eruwa alikula na fundi asubuhi," mwingine akaongeza. "Ugali wa amala na mchuzi wa ilasa, meza moja. Waulize!"

Hilo lilikuwa jambo la kushikika. Inspekta alimwita kocha wa Eruwa, mzee mwenye kofia ya Kiyoruba iliyoinamia sikio.

"Ulikula na fundi?"

"Nilikula. Simu yangu ilitumbukia kwenye bakuli la ilasa, nikamwita aikaushe. Sasa nimfukuze mezani?"

"Nipe simu."

Aliinusa, akaikunja pua, akamrudishia. Ilasa ilikuwa bado imo kwenye tundu la chaja. "Huyu anasema kweli. Endeleeni."

Watu walicheka, hata wa Igbo-Ora, na Lasisi akawatazama vibaya.

"Zimeni kila kitu, tuanze mwanzo," Inspekta aliamuru. "Na jenereta."

"Jenereta tena! Afande, adhana..."

"Zimeni!"

Jenereta ndogo nyuma ya nyumba ilikata. Feni zikasimama, na ukumbi ukalalamika kwa sauti moja. Baada ya kitambo ikavutwa kamba, ikanguruma upya, televisheni ikawaka.

"Kijana wa Eruwa, washa mashine kwa padi yako."

Alibonyeza. Mashine ikalia *tii*, taa yake ikawaka, na huko nyuma mngurumo wa jenereta ukashuka kidogo ulipobeba mzigo, kisha ukakaa sawa.

"Sasa wewe, Romoke."

Romoke alibonyeza. Taa ikamweta, ikamweta, ikatulia. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Lakini Inspekta alikuwa ameinua kidole juu. Jenereta ilikuwa imeshuka tena, vilevile kama mara ya kwanza.

"Mmesikia?"

"Kusikia nini?"

"Zimeni tena. Anzeni upya, kwa mpangilio uleule. Mimi nakwenda nje."

Alizunguka nyumba mbio, sketi ameikamata mkononi, akasimama karibu na jenereta hadi moshi ukamwingia machoni. Ikavutwa. Kutoka ukumbini alisikia wakihesabu kwa sauti, wameshaanza kuifurahia kazi. "Eruwa!" Jenereta ikazama, ikainuka. "Romoke!" Ikazama tena, ikainuka.

Mashine moja imewashwa ukumbini, lakini jenereta imebeba mbili. Alifuata kwa macho nyaya za umeme zilizotoka kwenye jenereta. Waya mmoja uliingia ukumbini. Mwingine uliingia kwenye dirisha la chumba cha nyuma, ambalo lilikuwa limefungwa.

*

"Ufunguo ninao mimi," alisema Iya Ibeji, mwenye banda. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kilemba cha njano, mama wa mapacha kama jina lake lisemavyo, na kama nusu ya akina mama wa mji ule. "Hakuna aliyeingia humo tangu nilipotoka mimi asubuhi. Ni chumba cha watoto wangu, wana mashine yao."

"Fungua."

Chumba kilikuwa na giza. Televisheni imezimwa. Lakini chini yake taa nyembamba ilikuwa inawaka, na feni ya mashine inavuma. Inspekta aliweka kiganja juu yake.

"Nani amewasha hii?"

Iya Ibeji alijishika kifua. "Ee Mungu wangu. Hakuna mtu!"

"Kuna mtu. Romoke ameiwasha, kupitia ukutani, na wala hajui. Padi nyekundu inashika vizuri kabisa, ila inashika hii. Televisheni imezimwa, ndiyo maana hakuna aliyeona." Alitazama huku na huku. "Ya bluu iko wapi?"

Ilikuwa kitandani, chini ya mto.

"Hiyo si ya kuchezea mechi," Iya Ibeji alitahadharisha. "Kifimbo chake cha kushoto kimelegea, kinavuta chenyewe. Asubuhi nilitaka kuwawekea watoto katuni, nikabonyeza, nikaona hakuna kitu, nikaitupa hapo."

"Kinavuta upande gani?"

"Kushoto."

Inspekta alicheka kwa sauti. Alibonyeza kitufe cha padi ya bluu, akangoja taa itulie, akaishika mbali na mwili wake bila kukigusa kifimbo.

Ukumbini pakalipuka. "Inateleza! Kushoto tena! Kushoto! Uchawi!"

"Uchawi huu hapa!" Inspekta alitokea mlangoni ameinyanyua padi ya bluu juu ya kichwa. Alikisukuma kifimbo kulia, na alama kwenye kioo ikakimbilia kulia. Juu, ikapanda. Watu waliruka vitini, wengine wakashikana mabega kwa furaha, na hata Bwana Fatusin alisahau saa yake. "Zimebadilishana! Nyekundu imeshikishwa mashine ya chumbani, bluu imeshikishwa ya ukumbini."

"Basi si amezibadilisha mwenyewe!" Lasisi alinguruma. "Fundi ndiye aliyezishika! Kithibitisho gani kingine mnataka?"

Furaha ikageuka pale pale. Inspekta aliona watu wakielekea kibarazani, na akajua kwamba ushahidi wake mwenyewe umemponza Obiora. Alipita mbele yao, akasimama kati yao na kijana.

"Bado hajahojiwa! Atakayemgusa namlaza ndani leo." Akageuka. "Obiora. Ulizishikisha wewe padi hizi?"

"Ndiyo, afande. Kila ukisafisha unaishikisha upya."

"Nyekundu uliishikisha mashine ipi?"

"Ya chumbani."

"Mmemsikia? Kwa mdomo wake!" Lasisi alipiga makofi.

"Kwa nini ya chumbani?"

"Mama ndivyo alivyosema."

"Mimi?" Iya Ibeji alipaza sauti. "Wewe mtoto wa watu, usinitie kwenye dhambi zako! Nilikwambia, nyekundu ni ya mkubwa, bluu ni ya mdogo. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema, mama. Na nilifanya hivyohivyo."

"Uongo! Mashine zangu nilizinunua siku moja, nikazipa majina ya wanangu. Huyu wa ukumbini ndiye mkubwa, nani asiyejua? Nimemwandika jina ubavuni kwa rangi nyeupe!"

Inspekta alikuwa anafungua mdomo kuuliza, simu yake ikaita. Alitaka kuikata, akaigusa vibaya, na sauti ya mwanamke ikatoka kwa spika, wote wakaisikia.

"Dada Kehinde! Nyama imeiva, tukusubiri ama tuanze kula?"

"Taiwo, niko kazini. Kuleni, mniachie paja. Na watoto wasiguse mfuko wangu."

"Sawa, dada. Samahani, dada."

Alikata simu. Obiora alikuwa anamtazama na kipaji cha uso kimekunjamana.

"Nini?"

"Samahani, afande. Wewe ni Kehinde?"

"Ndiyo. Sisi mapacha. Kuna tatizo?"

"Taiwo ndiye aliyezaliwa kwanza, si ndiyo? Na Kehinde akafuata?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona mdogo wewe unamwamrisha mkubwa wako? Na anakuomba samahani?"

Bibi mmoja muuza karanga akaanza kucheka, na mwingine akamfuata.

"Mdogo, mimi?" Inspekta alisema, na hasira ilimpanda kweli. "Kehinde, mdogo? Kijana, nani amekufundisha..." Akamtazama Iya Ibeji, kisha mashine ya ukumbini. Ubavuni iliandikwa KEHINDE. "Subiri. Ya chumbani imeandikwa Taiwo?"

"Ndiyo," alisema Iya Ibeji.

"Obiora, kwenu mapacha wakizaliwa, mkubwa ni yupi?"

"Aliyetoka kwanza, afande. Kuna mkubwa mwingine?"

Umati mzima uliguna kwa pamoja. Iya Ibeji alijishika kilemba kwa mikono miwili.

"Anayetoka kwanza ni yule aliyetumwa!" Bibi wa karanga hakuweza kuvumilia. "Kehinde humwambia Taiwo, nenda kachungulie dunia kama inafaa, ukiona inafaa lia, nami nije. Wewe umeona wapi mkubwa akatumwa na mdogo?"

"Mimi sijawahi kuambiwa, bibi," Obiora alisema. "Nilisoma majina mawili, nikauliza jirani nani huzaliwa kwanza, akanijibu Taiwo. Nikampa Taiwo padi ya mkubwa. Nilijiona nimefanya kazi safi."

"Na mimi nilikuelekeza safi," Iya Ibeji alinong'ona. Machozi yalianza kumtoka. "Nilisema mkubwa. Sikudhani kuna mtu duniani anayehitaji kuambiwa ni yupi."

Inspekta aligeukia umati. Sasa alisema taratibu, na wote walimsikia. "Hakuna aliyenunuliwa. Hakuna uchawi. Mama ameagiza sawasawa kwa hesabu ya kwetu, fundi ametii sawasawa kwa hesabu ya kwao. Nyinyi mkampiga, mkampindulia meza."

Waliokuwa mbele walianza kurudi nyuma, kila mmoja akijifanya ana shughuli kwingine. Lasisi peke yake hakuwa na pa kwenda.

"Bwana Fatusin," Inspekta alisema, "kuirudisha nyekundu kwa Kehinde wa ukumbini kunachukua muda gani?"

"Dakika haifiki, ukiwa na waya wa kupitisha data. Hizi chaja za simu hazipitishi, ni za umeme tu. Ndiyo maana zimegoma zote." Aliitazama saa. "Adhana iko mlangoni, madam."

"Nani ana waya wa data?"

Watu walipapasa mifuko, wakatoa chaja zilezile. Kisha Obiora akanyanyua mikono yake miwili, na kila mtu akaona alama nyeusi zilizozunguka vifundo vyake.

"Ninao," alisema. "Nilikuwa ninao. Ndio mlionifungia."

Inspekta alihisi bahasha ya khaki ikimchoma kiunoni. Tangu afike, kijana huyu alikuwa anaomba kitu kimoja tu, na yeye ndiye aliyemnyamazisha. Alitoa bahasha, akamnyooshea.

"Nisamehe. Nilipaswa kukusikiliza." Akashusha sauti. "Lakini ujue: nikiutoa humu, kesi yako dhidi ya Lasisi inapungua nguvu. Waya ni wako. Ukisema ubaki, utabaki, na Eruwa watashinda, na mimi nitasimama nawe. Amua wewe."

Romoke alikuwa mlangoni na padi nyekundu kifuani. Hakuomba. Alilia tu, bila sauti, na hilo lilikuwa gumu kulitazama kuliko maombi.

Ndipo Lasisi akafanya jambo ambalo Igbo-Ora haikuwahi kuliona. Alipiga magoti, akaweka mikono chini, akalala kifudifudi kwenye vumbi, kifua kizima, mbele ya kijana aliyekuwa na umri wa wanawe.

"Fundi," alisema na uso uko chini. "Nimekosa."

Obiora aliinama kumwinua. "Kwetu mtu mzima halali chini mbele ya kijana," alisema. "Amka, baba. Unanitia aibu. Afande, fungua bahasha."

Waliingia ndani mbio, umati wote nyuma yao. Obiora alichukua waya, akaupeleka kwenye padi, na kichwa cha waya kikamponyoka. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa vimevimba na kufa ganzi, havikamati.

"Siwezi," alisema. "Havinisikii." Akageuza shingo. "Baba Lasisi, njoo hapa. Wewe uliyeufunga."

Lasisi alisogea. Mikono iliyozoea kupasua mifupa ikaushika waya kwa ncha za vidole.

"Kichwa kidogo kwenye padi. Geuza. Sio hivyo, geuza upande wa pili. Taratibu, hiyo si nyama! Sasa kikubwa kwenye mashine. Romoke, bonyeza."

Taa ikamweta. Ikamweta. Ikatulia, na kwenye kioo mchezaji wa Romoke akaruka mbele na mpira. Ukumbi ulipasuka kwa kelele hadi bati likatetemeka, na katikati ya kelele hizo adhana ya alasiri ikaanza.

Bwana Fatusin alikuwa ameshainua mkono. "Imefanya kazi kabla! Mechi iendelee!"

Iya Ibeji alileta kiti chake mwenyewe, akamkalisha Obiora mbele kabisa na bakuli la maji ya baridi la kulowekea mikono. Inspekta aliinama sikioni kwake, bahasha tupu mkononi.

"Na kesi yako?"

Obiora hakutoa macho kwenye kioo, ambako Romoke alikuwa anawapita mabeki wa Eruwa mmoja baada ya mwingine.

"Kesho, afande," alisema. "Vidole vikirudi, nitakuja kuandika maelezo mwenyewe."

Nyuma yake, Lasisi alisikia. Alichukua ufagio pembeni ya mlango, akatoka kibarazani, akaanza kuokota bisibisi moja moja kwenye vumbi.